Drili Ndani ya Ndoo

Leonida alikuwa na mikono isiyojua kupumzika. Darasani ilichezea kalamu, kanisani ilisokota pindo la gauni, na nyumbani, kabla Mama hajamaliza kusema "Leonida, hebu nenda...", miguu nayo ilikuwa imeshafika uani. Shida ni kwamba mara nyingi ilifika kabla ya masikio.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kwao palikuwa Karungu, hatua chache kutoka ziwani. Baba yake, Fundi Elijah, alikuwa mtengenezaji wa mashua. Kila siku baada ya shule Leonida alichota maji, akaokota vibanzi vya mbao vya kuwashia moto, kisha akakagua majembe. Jembe likianza kucheza kwenye mpini, alilisimamisha kichwa chini ndani ya ndoo ya maji. Mti ulikunywa maji ukavimba, na asubuhi jembe lilikuwa imara. Kwa kazi hiyo alijiona fundi kamili. Hata majirani walimletea majembe yao, naye aliyapokea kwa uso wa daktari.

Mwaka huo, wa pili tangu Uhuru, karakana ilipata mgeni wa heshima: drili ya umeme yenye mwili wa chuma, iliyoendeshwa na jenereta ndogo iliyokohoa kama mzee mvuta tumbaku. Fundi Elijah aliinunua kwa mhandisi mmoja wa mgodi wa Macalder aliyekuwa akirudi kwao. Zamani, kila tundu la msumari lilitobolewa kwa keekee ya kuzungusha kwa mkono, maana ukipigilia msumari bila tundu, ubao hupasuka. Sasa ilikuwa vrrr! na tundu tayari. Watu waliacha samaki wao sokoni waje wasikilize. Sheria ya drili ilikuwa moja tu: asiiguse mtu.

Ijumaa moja alasiri, Baba aliizima drili akaitikisa. Ncha ya kutobolea ilikuwa inayumba.

"Kichwa kinacheza," alinung'unika. "Nitakishughulikia Jumapili. Sasa jua linatuacha."

Kwao walikuwa Waadventista, na jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia. Hakuna nyundo, hakuna msumeno, hakuna kazi hadi Jumamosi jioni. Baba akaenda kuoga. Mama akainama jikoni kumalizia chakula cha kesho. Leonida akabaki karakanani na yale maneno: kichwa kinacheza.

Kama kuna mtu Karungu nzima aliyejua dawa ya kichwa kinachocheza, si ndiye yeye?

Kwamba drili haikuwa na mpini wa mti, hilo hakulitazama. Aliichukua kwa mikono miwili, akaisimamisha kichwa chini ndani ya ndoo nyuma ya mbao, maji yakaifunika hadi juu. Saa moja tu, alijiambia, kisha nitairudisha kwenye sanduku lake. Baba atashangaa!

Alikuwa ametoka uani tu aliposikia kufuli. Ka! Baba alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe, amefunga mlango wa karakana, na ufunguo umeingia mfukoni. Jua likazama. Wimbo wa kuikaribisha Sabato ukaanza.

Usiku huo Leonida hakuwa na wasiwasi wowote. Kumbe hata afadhali, iloweke hadi ikaze kabisa!

Wasiwasi ulimngoja kanisani. Kabla ya kipindi cha watoto, rafiki yake Benta, ambaye kaka yake alifanya kazi mgodini, alikuwa akisimulia kama kawaida yake, macho yametoka.

"Kaka yangu anasema maji na umeme havikai nyumba moja. Kuna mtu alishika mashine iliyolowa. Akatupwa huko kama gunia la mahindi!"

"Akaamka?" Leonida aliuliza.

"Huyo aliamka. Mwingine hakuamka."

Kuanzia hapo benchi la kanisa likawa na miiba. Leonida alikaa upande huu, akahamia upande ule. Waliposimama kuomba, yeye aliketi, walipoketi, akasimama. Mama akamfinya. Mahubiri yakaendelea kana kwamba mhubiri hakuwa na nyumba ya kurudi. Baba alikuwa mbele kule, shingo yake imetulia, ufunguo mfukoni. Njiani kurudi nyumbani, mara tatu Leonida alifungua mdomo amwambie, na mara tatu akaufunga. Angesema nini? Kwamba alikiloweka kitu alichokatazwa hata kukigusa?

Jua la Jumamosi lilipozama na sala ya kufunga Sabato kwisha, Leonida aliruka.

"Baba, nikafagie karakana?"

Mama akamtazama. Huyu ambaye kuitwa kwenye ufagio ni mara tatu na fimbo mkononi? "Unaumwa?" akauliza.

Lakini Baba alimpa ufunguo. Leonida akaichomoa drili ndooni, akaipangusa kwa kitambaa, akaipuliza, akaipangusa tena hadi nje ikang'aa. Akairudisha kwenye sanduku. Imekauka, alijiambia. Si imekauka? Ila alipotembea kurudi nyumbani, aligeuka mara mbili kuutazama mlango aliokwisha kuufunga.

Jumapili asubuhi alifika Bwana Japheth, mfanyabiashara wa samaki kutoka Homa Bay, mwenye mashua iliyokuwa ikitengenezwa karakanani. Alikuwa mnene, mcheshi, na asiyependa kusubiri.

"Omera, ndugu Elijah! Jumanne naondoka na mashua yangu, sivyo? Watu wangu wa nyavu wamekwisha kuacha kazi kwa matajiri wengine, wananisubiri."

"Zimebaki mbao sita, ndugu yangu. Leo hii natoboa zote."

Leonida alikuwa amesimama na kikombe cha chai cha mgeni. Baba akavuta kamba ya jenereta. Ikakohoa, ikawaka. Baba alikuwa pekupeku, amesimama kwenye mchanga uliolowa. Akaitoa drili kwenye sanduku kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukaufuata waya wa kuchomeka.

"Baba, iache!" Kikombe kilianguka. "Iache, iache! Ina maji ndani!"

Baba akaganda. Akaiweka drili chini taratibu, akaizima jenereta. Kisha akaiinua drili na kuiinamisha. Tone moja la maji mekundu ya kutu likamdondokea mguuni. La pili. La tatu.

"Nani ameinywesha?" aliuliza polepole.

"Mimi, Baba. Ulisema kichwa kinacheza. Nikailoweka. Kama jembe." Akaionyesha ndoo nyuma ya mbao. "Tangu Ijumaa. Jana niliitoa nikaipangusa nisijulikane."

Bwana Japheth alipasuka kwa kicheko. "Kama jembe! Sasa wewe nyathina, mtoto wangu, mpini uliuona wapi?" Kisha macho yake yakashuka kwenye miguu ya Elijah, peku, juu ya mchanga wenye maji. Kicheko kikafa.

"Mashua Jumanne haipo tena," Fundi Elijah alisema. "Nipe hadi Ijumaa kabla jua halijazama."

"Na Ijumaa ikipita, nampa kazi fundi wa Homa Bay. Nisije nikakudanganya."

Baba hakumchapa Leonida. Alifunga drili kwenye gunia, akaipakia baiskeli, akamwambia, "Panda. Utamweleza fundi mwenyewe."

Njia nzima hadi Macalder, Leonida alitazama mgongo wa baba yake. Fundi wa mashine, Matiko, alikuwa Mkuria mwembamba, mwenye kibanda karibu na mgodi, na mikono iliyojaa grisi mpaka viwikoni. Alimsikiliza Leonida hadi mwisho bila kucheka. Alipomaliza, alicheka kwa dakika mbili.

"Umefanya vizuri kunieleza," alisema akijifuta machozi. "Wateja wangu wote husema mashine iliharibika yenyewe. Nashinda siku mbili nikitafuta ugonjwa ambao mtu anaujua."

Akaifungua skrubu moja moja. Maji yakamwagika mezani. Akamwonyesha zile nyaya nyembamba zilizozungushwa ndani, gololi zilizoanza kuota kutu, na vijiwe viwili vya makaa vinavyopitisha umeme.

"Hivi nitabadilisha. Nyaya nitazikausha karibu na jiko, polepole, siku mbili. Mkizikimbiza zinaungua. Na hiki kichwa..." Akatoa kifunguo kidogo chenye meno, akakiingiza ubavuni mwa mdomo wa drili, akazungusha mara moja. Ncha ikabanwa kabisa. "Ndiyo dawa yake. Ungeuliza tu."

Kisha akamgeukia Fundi Elijah, na uso wake haukuwa na mzaha. "Lakini kama ungeiwasha, bwana, leo ningekuwa nimekuja kwako na shada la maua."

Jumatatu na Jumanne zilikuwa za keekee ya mkono. Leonida akitoka shuleni alizungusha mpini huku Baba akikandamiza. Viganja vilitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka. Mbao mbili kwa siku mbili. Kila baada ya tundu alichungulia njia ya Macalder. Bado nne! Je, Matiko akichelewa? Je, zile nyaya zikikataa?

Jumatano jioni Baba alirudi na gunia. Alivaa viatu vyake vya kanisani, akasimama juu ya ubao mkavu, akawasha. Vrrr! Ncha haikuyumba hata kidogo. Mama alipiga kigelegele kutoka jikoni, na Leonida akakimbilia ubao uliofuata.

Ijumaa saa tisa mashua ilikuwa majini na Bwana Japheth ndani yake, akiwafokea wapiga makasia kwa furaha. Baba na Leonida walisimama ufuoni mpaka ikawa ndogo.

"Baba, bado umekasirika?"

"Nilikasirika Jumapili. Si kwa ajili ya ndoo." Baba alichuchumaa wakawa macho kwa macho. "Ulitaka kusaidia na hukujua. Kutojua si aibu. Dawa yake ni kuuliza. Lakini Sabato nzima ulijua kuna hatari, ukainyamazia, ukaipangusa ing'ae ili nisiione. Kosa ulilolificha halikai mahali ulipoliweka, mwanangu. Linamngoja mtu mwingine alishike."

Leonida akainamisha kichwa.

"Hata hivyo, mwisho ulipiga kelele mbele ya mgeni, ukijua utaaibika. Ndiyo maana bado niko hai." Akamshika kiganja chenye malengelenge. "Basi tuwekeane ahadi. Siku ukiniona mimi ndiye ninayekosea, nipigie kelele hivyohivyo. Hata kanisani."

"Hata mhubiri akiwa anahubiri?"

Baba akafikiri kidogo. "Hapo," alisema, "nifinye kwanza."