Fedha Juu, Shaba Ndani

Mathe, mfagiaji wa kanisa, alikutwa kifudifudi katika stoo yake, mtaa wa Kimemi, mjini Butembo, damu imeganda kisogoni. Kando yake palikuwa na chuma cha kugongea ringi ya lori inayotumika kama kengele. Karibu na chuma, kisanduku cha waanzilishi wa kanisa kilikuwa wazi, na sarafu zote zimo.

Hilo la mwisho ndilo lililomkera Inspekta Godelive Katungu. Mwizi gani anaua mtu halafu anaacha mali?

Jibu alilipata kwa Pasta Éliakim, aliyemnyooshea sarafu moja kwa vidole viwili, kana kwamba inanuka.

"Angalia, Mama Inspekta. Nimeipangusa na kitambaa tu. Inatoka nyekundu."

Ilikuwa faranga tano ya zamani, yenye kichwa cha mfalme wa Wabelgiji, moja ya zile walizoweka waumini wa kwanza wa kanisa hilo. Godelive aliikwaruza ukingoni kwa tupa. Fedha ikabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake ikaonekana shaba.

"Nani alikuwa na ufunguo?"

"Mathe peke yake. Alikuwa anauvalaka mu shingo. Donc ni yeye alibadilisha, na mwenzake wa wizi akamuua." Pasta alishusha pumzi. "Kesho tunazika. Mais mwizi wa kanisa, maiti yake haiingie mu kanisa."

Jokébed, mjane wa Mathe, alikuwa amesimama mlangoni. Aliyasikia yote.

"Miaka yote alifagia hii kanisa," alisema. "Leo munamutupa kama mbwa? Mama Inspekta, nisaidie. Nimuzike na jina yake."

Godelive alimwonea huruma, na pasta akamtia hasira. Hasira, hata hivyo, haikamati muuaji. Akazibeba sarafu hadi ofisini.

Alikuwa amefanya kazi Beni, akiwasaka wauza dhahabu bandia kwenye barabara ya Mavivi, kwa hiyo shaba iliyopakwa haikumpa taabu. Ukingoni mwa karibu kila sarafu palikuwa na mshono mwembamba, alama ya kalibu. Kisha akaona jambo lililomfanya asogee dirishani penye mwanga. Zote zilikuwa na mkwaruzo chini ya sikio la mfalme. Mkwaruzo uleule, mahali palepale.

Zote zilinakiliwa kutoka sarafu moja.

Akazigonga moja baada ya nyingine kwenye sakafu ya saruji. Zilitoa sauti butu. Moja tu ililia, sauti nyembamba na ndefu. Haikuwa na mshono, lakini mkwaruzo ilikuwa nao. Mwizi alichukua zote, akaitumia hii kutengenezea kalibu, kisha akairudisha. Kwa nini? Wezi aliowajua Godelive hawakuwa na tabia ya kurudisha kitu.

Upako wenyewe ulikuwa bado mpya. Ni kazi ya maji ya fedha, dawa ambayo ikigusa ngozi na kuona jua huacha weusi usiotoka upesi. Basi kuna mtu hapa Butembo anaficha mikono yake. Na Godelive alijua atamkuta wapi: muuaji wa jirani hawezi kukosa msiba wa jirani.

Jioni akaenda kilioni kwa Jokébed. Wanaume walizunguka moto. Zacharie, mfua fedha na shemasi wa kanisa, rafiki wa marehemu tangu utoto, alimpa Godelive kiwiko badala ya mkono.

"Bado unaogopa Ebola, Papa Zacharie?"

"Tulizoea, Mama Inspekta. Ile ugonjwa ilitumalizia batu."

Hakuna aliyeshangaa. Mji mzima uliwahi kusalimiana hivyo, na hata Godelive aliwapa kiwiko wazazi wake mwenyewe. Alikaribia kuamini.

Ndipo fufu, ugali wa muhogo, ikaletwa, na Zacharie akaomba uma. Mzee mzima, kilioni, anakula fufu kwa uma!

Hadassa, binti wa Zacharie, ambaye ilisemekana amerudi karibuni kutoka kwa shangazi yake, alikuwa akiwanawisha watu. Godelive alimpokea birika na beseni. Akamnawisha pasta, akamnawisha aliyefuata, akafika kwa Zacharie.

"Miye niko na fourchette."

"Nawa tu, Papa. Batu banakungojea."

Macho yote yalimgeukia. Zacharie akanyoosha mikono polepole. Maji yakapita juu ya vidole vyeusi hadi kwenye kucha. Weusi ukabaki. Godelive akampa sabuni. Weusi ukabaki.

"Ile dawa ya fedha haitokake mbio. Weye unajua kunipita," alisema Godelive. "Juu ya nini moja uliirudisha?"

Zacharie alivitazama vidole vyake.

"Nilitaka Mungu aone kama siko mwizi kabisa."

"Ufunguo?"

"Ile kufuli ni miye nilitengeneza. Nilibaki na ufunguo ya pili."

"Na Mathe?"

"Alifungua kisanduku juu ya kusafisha ya jubile ya kanisa. Akaona nyekundu, akaniita mu stoo. Akasema, kesho nitaambia kanisa. Nilimuomba. Akakataa. Chuma ilikuwa pale…"

"Feza ulipeleka wapi?"

Zacharie alimtazama binti yake.

"Hadassa hakukuwa kwa shangazi yake. Batu ya bunduki balimukamata mu mashamba, kule Mavivi, bakamupeleka mu pori. Nikalipa, bakamurudisha. Balisema, ukifungua kinywa, tunarudia mutoto. Kama Mathe anasema, nitaulizwa sababu. Niliogopa."

Hadassa aliketi chini palepale alipokuwa, akaficha uso.

Jokébed alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Zacharie, unajua juu ya nini bazee baliweka ile feza? Ni ya siku mutoto wa kanisa atapotea. Mathe alichunga ufunguo juu ya ile siku. Ungemuambia jina ya Hadassa tu, angekufungulia yeye mwenyewe."

Zacharie akatoa kilio kilichowafanya wanaume wainamishe vichwa. Godelive alimfunga pingu bila kumtazama usoni.

Asubuhi jeneza la Mathe liliingia kanisani, Pasta Éliakim akiwa amelishika upande wa mbele. Kengele haikugongwa, kwa sababu chuma chake kilikuwa polisi. Katika benchi la wafiwa, Jokébed alimkalisha Hadassa kando yake, akamfunika kwa kitenge chake, na hakumwachia mpaka wakatoka kwenda makaburini.