Kikohozi cha Bi Mwanamkasi

Bi Mwanamkasi ni mpishi wa udi. Kila asubuhi, nyumbani kwake Michenzani, huchemsha sukari, hutia vipande vya udi na marashi, kisha hukoroga mpaka vishikane. Mabibi harusi wengi hufukizwa kwa udi wake.

Mwaka huu alianza kukohoa. Kikohozi kilikuwa kikavu. Akipanda ngazi hadi kwake ghorofa ya tatu, husimama mara mbili.

"Mama, rudi hospitali," alisema binti yake, Tahiya.

"Nshakwenda mara tatu. Wamenipima kifua kikuu, sina. Dawa ya pumu nayo haisaidii."

"Uliwaambia habari ya mionzi?"

"Nyamaza! Umeposwa wewe. Kwa mchumba wako wakisikia saratani, watasema ni maradhi ya ukoo."

Miaka miwili nyuma, Bi Mwanamkasi alitibiwa saratani ya titi Dar es Salaam. Alipasuliwa, kisha akapigwa mionzi. Majirani waliambiwa amekwenda harusini.

Siku moja pumzi ilimwishia ngazini. Kidawa, muuguzi anayeishi ghorofa ya chini, alimkuta amekaa kitako.

"Bi Mwanamkasi, ile harusi yako ya Dar ilichukua miezi mitatu," alisema Kidawa. "Ukarudi umekonda. Harusi gani hiyo isiyo na biriani?"

Bi Mwanamkasi alicheka, akakohoa, kisha akasema kweli.

"Mionzi ilikusaidia kupambana na saratani," alieleza Kidawa. "Lakini pafu liko nyuma ya titi. Kwa baadhi ya wagonjwa, sehemu ya pafu hupata kovu, baada ya miezi au hata miaka. Kovu halitanuki, ndiyo maana pumzi inakuwa fupi. Daktari atajuaje, na wewe umemficha?"

"Au saratani imerudi?"

"Hilo halijulikani bila ya picha. Kesho tunakwenda, na faili lako la Dar tunalibeba."

Picha ilionyesha kovu katika pafu la kushoto. Dalili ya saratani haikuonekana. Daktari alisema kovu halifutiki, lakini mgonjwa anaweza kusaidiwa. Alimfundisha mazoezi ya kupumua, akampangia siku za kupimwa, akamkataza moshi.

Tangu hapo Tahiya ndiye anayekaa motoni. Mama yake huchanganya marashi chumba cha pili, dirisha wazi. Jioni hutembea. Baada ya miezi mitatu alifika sokoni Darajani na kurudi bila kupumzika.

Wiki iliyopita alikuja Bi Maisara, mama wa mchumba wa Tahiya, kuagiza udi. Alimkuta mwenyeji wake akivuta pumzi na kuzihesabu.

"Una nini, bibi?"

Tahiya alimtazama mama yake. Bi Mwanamkasi alimaliza kuhesabu.

"Nilipata saratani ya titi. Mionzi ikaniachia kovu kwenye pafu. Nnatibiwa, na nnaendelea vizuri."

Bi Maisara aliweka chini kikombe cha kahawa alichokaribishwa. Akainuka, akafunga mlango.

"Mimi nna uvimbe kwenye titi tangu Ramadhani," alisema. "Sijamwambia mtu."

Bi Mwanamkasi alichukua buibui lake.

"Vaa viatu, bibi. Kidawa, jirani yangu muuguzi, yuko kazini hospitali leo. Habari ya udi tutazungumza njiani."