Lori Lililoziba Mlango wa Ngendo

"Kimeu! Toa hili lori kwa mlango wangu kabla sijaligeuza vyuma vya kilo!"

"Ngendo, shusha hiyo spana kwanza tuongee."

"Nishushe? Nitaishusha kwa kichwa yako!"

Kimeu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya lori lake la Canter, mswaki mdomoni, povu likimtiririka kidevuni. Chini yake alisimama Ngendo, leso kifuani, rola za nywele kichwani, spana ya magurudumu mikononi. Ilikuwa Jumamosi saa moja asubuhi, na yadi nzima ya Kiganjo ilishatoka na vikombe vya chai. Nani angekubali kusimuliwa?

Yadi ya Mama Mwau ina nyumba moja tu, yake. Wapangaji wanalala ndani ya magari yao. Ngendo ana minibasi kuukuu, mbele saluni, nyuma kitanda. Jumatano anasukia watu Ruiru, Ijumaa Githurai 45, siku zingine yuko hapa. Kimeu ni fundi wa kuchomelea bodi za magari, na chumba chake amejijengea mwenyewe juu ya Canter.

Watu wakiishi hivyo, kioo kwa kioo, lazima wawe na adabu zao. Hugongi dirisha la mtu; unagonga gurudumu, halafu unangoja. Milango haiangaliani, isipokuwa ya watu waliooana. Na ulichokiona kwa dirisha la jirani, hukukiona. Kwisha.

Sasa usiku wa kuamkia leo Kimeu alikuwa ameegesha lori lake ubavuni mwa minibasi ya Ngendo, karibu kiasi kwamba hata mkono haungepita. Ule mlango wa dharura ulio kando ya kitanda, wenye kioo kikubwa, ulikuwa umezibwa kabisa.

"Nimeamka nikidhani nimezikwa!" Ngendo alifoka. "Giza tupu! Nauliza mara ya mwisho, umeniziba kwa nini?"

"Nipe siku mbili tu."

"Sijauliza siku ngapi. Nimeuliza kwa nini!"

Kimeu alitema povu. Alitazama chini, akatazama ule umati wa vikombe.

"Siwezi kusema."

Pwaa! Kioo cha pembeni cha Canter kilipasuka, vipande vikamrukia Kimeu miguuni.

"Haiya!" mtu akasema, chai ikimwagika.

"Sema sasa!"

"Ngendo, mami, tafadhali..." Kimeu akashuka ngazi.

Kofi lilimpata shavuni, mswaki ukaruka hadi kwenye tope. Kimeu hakuinua mkono. Damu ilianza kumtoka mdomoni, akaipangusa kwa kiganja.

"Usiniite mami! Njau alinipigilia madirisha misumari kule Kiuu, miaka minne sikuona jua mpaka atake yeye. Nilipokuja hapa nikadhani wewe ni mtu. Ukanichomelea ngazi bure, nikakunyoa bure, nikaanza kufikiria vitu... Kumbe nyote mmetoka kwa kiwanda kimoja!"

Hapo ndipo vikombe viliposhuka midomoni. Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia Ngendo akilitaja jina la Njau, yule mume ambaye Ngendo alimtoroka.

Mama Mwau akaingia katikati na kanga yake ya jikoni.

"Kimeu, mwanangu, una sababu?"

"Ninayo, mama."

"Inasemeka?"

"Haisemeki, mama."

"Basi kesho tukitoka kanisani lori liwe limetoka. Na wewe Ngendo, hicho kioo utakinunua."

"Nitanunua viwili. Hiki kingine bado sijakigusa!"

Jioni simu ya Ngendo ikalia kwa ujumbe.

*Si kukufungia. Niamini kidogo tu. Kimeu.*

Akajibu papo hapo: *Njau pia alisema nimwamini. Usinitext tena.*

Kisha akalia kwa muda mrefu, uso kwenye mto, kwa sababu ukweli ni kwamba alikuwa amempenda yule fundi, na hilo ndilo lililouma kuliko giza.

Jumapili saa nne yadi ilikuwa tupu. Wote walikwenda kanisani. Ngendo alibaki, hakutaka kuonewa huruma na kwaya nzima. Kimeu alikuwa ameondoka kwa miguu kwenda karakana yake, dakika kumi hivi kutoka hapo. Lori lake lilibaki palepale, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu kwa sababu ya mteremko.

Ujumbe mwingine ukaingia. Namba ngeni.

*Siku hizi umejitafutia ukuta wa chuma. Mara mbili nimekuja nikakutazama ukilala. Sawa, leo nitapitia mlango wa mbele.*

Ngendo aliusoma mara mbili. Akapiga simu.

"Kimeu! Kulikuwa na mtu kwa kioo changu?"

Nyuma ya Kimeu mashine ya kuchomelea ikazimika.

"Ijumaa alfajiri. Alikuwa amesimama juu ya gurudumu lako, anapinda kitasa cha mlango wa dharura. Nikamkimbiza, akaruka ua."

"Na hukuniambia?"

"Sheria ya yadi, Ngendo. Na pia... ningekuambia, ungeniuliza nilijuaje. Nilichungulia ndani kuona kama uko mzima. Nikaona aibu. Nikasema nizibe tu, nikae macho usiku kwa siku mbili, nimshike."

"Mjinga wewe! Sheria gani ya kumnyamazia mtu anayewindwa? Kimeu, ni Njau! Amenitumia ujumbe, anasema..."

Ko, ko, ko.

Mtu alikuwa akigonga kioo cha mbele. Si gurudumu. Kioo.

"Ngendo wangu," sauti ikasema nje, tamu kama ya mhubiri. "Fungua mume wako aingie."

"Amefika," Ngendo akanong'ona.

"Toka na mlango wa dharura! Toka na..." Akakumbuka alipoegesha lori. Ngendo alisikia simu ya Kimeu ikianguka chini na pikipiki ikiitwa kwa mayowe.

Kioo cha mlango kilipasuka kwa pigo la kwanza la panga. Ngendo aliburuta kabati la saluni akalizibia njia. Chupa za mafuta na madawa ya nywele zikamwagika zikavunjika. Panga likapenya, likarudi, likapenya tena, kila mara likipasua ubao.

"Miaka minne nilikulisha!"

"Miaka minne ulinipiga!"

"Nitakuchoma pamoja na hili kopo lako la gari!"

Harufu ya petroli ikaingia kabla ya petroli yenyewe. Ilitiririka chini ya kabati, ikalowesha mkeka. Ngendo alirudi nyuma hadi kitandani, akasukuma mlango wa dharura kwa mabega yake yote. Ulifunguka upana wa kidole, ukagota chuma cha Canter. Akasukuma tena. Chuma. Akapiga kelele hadi koo likakauka.

Nje pikipiki ilifunga breki, vumbi likatimka. Kimeu aliruka kabla haijasimama.

Njau alikuwa mlangoni, panga mkono wa kulia, kiberiti mkono wa kushoto.

"Ukuta wa chuma umekuja na miguu!" akacheka.

Kimeu angeweza kumrukia. Mtu wa hasira angemrukia. Lakini alijua kwamba akianguka yeye, Ngendo atabaki ndani ya lile sanduku ambalo yeye mwenyewe alilifunga. Akakimbilia lori. Njau akamfuata, na panga likamkata begani, likafungua shati na nyama pamoja. Kimeu alianguka kwa magoti, akatambaa, akalipiga teke jiwe la kwanza. Panga la pili likampata mkononi. Akalipiga teke jiwe la pili. Kisha akajitupa ndani ya kabini, mkono wa damu ukateleza kwenye handbreki mara moja, mara mbili, ikaachia.

Canter ikaguna. Ikaanza kurudi nyuma polepole, halafu kwa kasi, ikikwaruza ubavu wa minibasi kwa mlio wa kutia meno ganzi, ikaenda ikabomoa banda la kuku la Mama Mwau. Kuku wakaruka kila upande.

Mlango wa dharura ukafunguka wote.

Ngendo alitoka na spana ileile.

Njau alikuwa amelikimbilia lori, ameinua panga kwenye mlango wa kabini. Hakumwona. Spana ilimshukia kwenye kiwiko. Mfupa ukalia, panga likaanguka. Akageuka, akafungua mdomo, ya pili ikamshukia gotini.

"Hiyo ni ya misumari!" Ngendo alipiga kelele. "Na hii..."

"Ngendo!" Kimeu aliita kutoka kabini, sauti ndogo. "Ameshaanguka. Imetosha. Njoo, naona giza."

Spana ilibaki hewani. Kisha akaitupa, akapokonya kiberiti kwenye vidole vya Njau, akamkimbilia Kimeu, akaivua leso yake kulifunga bega lililokuwa likibubujika damu.

Waliotoka kanisani waliwakuta hivyo. Vijana walishaokota mawe ya kummaliza Njau. Mama Mwau akasimama juu yake, Biblia kwapani.

"Hakuna anayechomwa kwangu leo! Iteni polisi. Na mtu aniletee kuku wangu!"

Kimeu alishonwa nyuzi ishirini na tatu, akalazwa siku tisa. Njau alitoka hospitali akapelekwa rumande, na mkono wenye plasta.

Siku ya kumi, mchana wa jua kali, Kimeu alirudi yadini, mkono umening'inizwa shingoni. Alilikuta lori lake mahali pa zamani, mbali na minibasi, na kioo kipya pembeni. Hakulikaribia. Alikwenda kwa Ngendo, akainama, akagonga gurudumu mara tatu. Akangoja.

Vikombe vya chai vilianza kutoka magarini.

Ngendo akatokea mlangoni.

"Umepona?"

"Bega linauma nikicheka."

"Basi sitakuchekesha. Kimeu, nusura uniue."

"Najua. Kila usiku nasikia ule mlango ukigota."

"Siku nyingine ukiona kitu, useme. Hata kama ni aibu. Hata kama sheria inakataza. Mtu akinilinda bila kuniambia, kwangu hana tofauti na mtu wa misumari."

"Nitasema. Haki ya Mungu nitasema. Naweza kuanza sasa?"

"Anza."

"Nakupenda. Na ile siku nilichungulia, nilichungulia kidogo zaidi ya nilivyokuambia."

Yadi ikalipuka kwa kicheko. Ngendo akajaribu kukunja uso, ukakataa.

"Mama Mwau!" akaita bila kumwondolea Kimeu macho. "Nani hapa anajua kuendesha Canter?"

"Wewe unaitaka iende wapi?"

"Ije hapa. Igeuzwe. Mlango wake uangalie wangu."

Kila mtu alijua hilo linamaanisha nini. Kisha Mama Mwau akapiga vigelegele, vikapokelewa gari kwa gari hadi getini. Kimeu alisimama tu, macho yamejaa, akishindwa hata kupangusa kwa mkono mmoja.

"Unalia nini sasa?" Ngendo akasema. "Nimepika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya kwenu. Mama Mwau amenifundisha, na nimeiunguza kidogo chini. Vua viatu, uingie tule."