Aliyefunga Mguu wa Masalu

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Violeth alikwenda kumgongea mpangaji wake ili asichelewe kambini. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, Masalu, mshambuliaji wa Chuo cha Ualimu Lwamalulu, alikuwa amelala chali kwenye mkeka, macho wazi, midomo imekauka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekazwa kati ya mbao mbili kwa matambara yaliyochanwa kutoka kwenye pazia. Kando yake ulilala mchi wa kutwangia, wa Mama Violeth mwenyewe.

"Ng'wanawane! Mwanangu, nani kakufanyia hivi?"

"Watu wa Shinyanga," Masalu alinong'ona. "Mashabiki wa Chuo cha Ipandikilo."

Jioni hiyo vyuo hivyo viwili vilikuwa vicheze fainali mjini Geita, na uhasama wao ulikuwa wa miaka. Maneno ya Masalu yalitoka mtaani kwao Kalangalala yakaenea mji mzima. Basi la mashabiki wa Ipandikilo lilipoingia saa tano, lilipokewa kwa mawe. Kioo kilimpasukia jichoni msichana aitwaye Noela, aliyekuwa amekaa dirishani. Fainali ikaahirishwa. Polisi wakamkamata Fredy, kiongozi wa mashabiki hao, kwa kuwa wiki nzima alikuwa akitamba kwamba Masalu "hatamaliza mechi kwa miguu yake."

Upelelezi alikabidhiwa Inspekta Scolastika. Alikuwa amehamishiwa Geita kutoka Mhunze, wilayani Kishapu, si muda mrefu baada ya kumzika mumewe, na katika mji huu hakuwa na mtu wa kumuuliza ameamkaje. Aliingia kwenye chumba cha Masalu akatazama pande zote. Palikuwa na televisheni kubwa, godoro nene, viatu vya mpira vya bei mbaya. Lakini palikuwa na sahani moja na kikombe kimoja.

"Wenzake huwa wanakuja?" alimuuliza Mama Violeth.

"Waje kufanya nini, Afande? Tangu ahame hosteli wanamwita bosi. Hula peke yake, akimaliza anakaa hapo barazani kutazama njia."

"Kodi analipa nani?"

Mama Violeth alitazama chini. "Baba mmoja wa dhahabu. Onesmo."

Hospitalini, Scolastika aliomba kuuona mguu. Daktari alimwonyesha: mfupa wa muundi ulivunjwa kwa pigo moja tu. Hapakuwa na jeraha lingine mwilini. Kisha akampa mbao na matambara waliyoyaondoa. Yalikuwa yamekatwa bila kufunguliwa mafundo. Mafundo yote yalikaa upande wa nyuma wa mguu, na katikati, penye uvimbe, palikuwa pameachwa nafasi. Scolastika aliyageuza mkononi. Kule Mhunze aliwahi kuwaona wafugaji wakimfunga ndama aliyevunjika vivyo hivyo.

Akavuta kiti karibu na kitanda.

"Shikamoo, Afande," Masalu alisema.

"Marahaba. Walikuwa wangapi?"

"Wengi."

"Wengi, wakakupiga mara moja tu?"

Masalu alivuta shuka hadi kifuani.

"Na mguu, nani aliufunga?"

"Mimi."

"Kwa nyuma? Hata mzima haoni anachofunga huko, sembuse aliyevunjika."

Kijana akageuzia uso ukutani.

Fredy alipoletwa kutoka mahabusu, sauti ya kutamba ilikuwa imemwisha. "Afande, mimi ni mdomo tu. Ijumaa basi letu liliharibika Kahama, tukalala pale pale. Mwulize mwenye gereji. Noela anaendeleaje?"

Scolastika aliwapigia simu polisi wa Kahama. Mwenye gereji alithibitisha: basi liliondoka alfajiri ya Jumamosi, na abiria wote waliolala humo walikuwamo. Fredy aliachiwa. Kuhusu Noela, daktari alikuwa ameshasema: jicho limekufa.

Onesmo alimpokea dukani kwake, mizani ya dhahabu mbele yake, na hakuficha kitu.

"Ndiyo, nilikuwa namlipa. Najua mashindano ya vyuo yanakataza. Lakini nimvunje? Nani anamvunja ng'ombe anayemkamua?"

"Hata kama ng'ombe anahamia zizi la jirani?" Scolastika alibahatisha.

Onesmo alicheka bila furaha. "Umesikia, eeh? Ipandikilo walimwahidi zaidi, ahamie kwao muhula ujao. Nami ningeongeza dau, basi. Kwanza niliyajua kwa yule kipa wetu, Nkwabi. Alikuja hapa kuniomba niache kumlipa mwenzake. Nilidhani anataka alipwe yeye. Akasema hapana, anataka Masalu arudi hosteli. Nikamcheka."

"Huyo Nkwabi kwao wapi?"

"Kishapu, kama Masalu. Wamekua pamoja wakichunga."

Scolastika alirudi wodini. Muuguzi, Euphrasia, alimwambia kwamba Onesmo hajafika, kocha hajafika, wala shabiki yeyote. "Ila kuna mtu huacha maziwa mgando hapo mlangoni, asubuhi na jioni. Mrefu, mikono mikubwa. Nikimwambia aingie, anaondoka."

Jioni hiyo Scolastika alimngojea mlangoni. Nkwabi alipomwona hakukimbia. Alimfuata ndani kama mtu anayekwenda kulala, akasimama miguuni pa kitanda.

"Masalu," Scolastika alianza, "nilimwachia Fredy. Hakuwepo Geita siku ile. Lakini uliposema ni watu wa Shinyanga, mji ulikuamini. Kuna binti anaitwa Noela. Jicho lake moja halitaona tena."

Masalu alifumba macho. "Sikujua kama watapiga mawe."

"Aliyekupiga alipiga mara moja, akatupa mchi, akachana pazia akakufunga kama wanavyofunga wachungaji wa kwenu. Adui hafanyi hivyo. Onesmo alikuwa anakuhitaji mzima. Mtu mmoja tu aliomba watu waache kukununua."

"Mwache, Afande," Masalu alisema. "Nilianguka."

"Nduhu," Nkwabi alisema. Hapana. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Ni mimi. Nilikwenda kumsihi asiende Shinyanga. Tulikuja huku wawili, tuwe walimu, turudi kwetu. Akapata fedha, akahama chumba. Akaacha kuingia darasani. Nikipita naye njiani ananipa salamu ya mkono mmoja, kama mgeni. Siku ile akaniambia hata mimi ningekwenda kama ningenunuliwa, ila kipa hanunuliwi na mtu. Nilitoka nje. Mchi ulikuwa barazani."

"Ulitaka kumuua?"

"Nilitaka abaki! Nilidhani mguu ukivunjika wote watamwacha, nami nitabaki naye." Akafuta uso kwa kiganja. "Kisha nikausikia mfupa."

"Mimi ndiye niliyemwambia aondoke," Masalu alisema. "Nilisema nitawataja Ipandikilo. Afande, kwa nini kila siku mnaniuliza nani alinipiga, hakuna anayeuliza nani alikuja kuniona?"

Scolastika alimfunga Nkwabi pingu kwa mbele, taratibu, akamtoa.

Waliorusha mawe walifungwa, na Nkwabi alihukumiwa miaka mitatu. Vyuo vyote viwili vilifungiwa mashindano. Onesmo aliapa hatagusa tena mpira. Baadaye akaanza kuonekana na mshambuliaji wa chuo kingine. Mguu wa Masalu uliunga vibaya.

Jumapili moja, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, Scolastika alikuwa na shughuli gerezani. Kwenye benchi la wageni, kati ya akina mama wenye vikapu, alimkuta Masalu na gongo lake la kutembelea, ameshika chupa ya maziwa.

"Umekuja kumwona?"

"Nakuja kila Jumapili, Afande. Wanamwita, anasema hana mgeni."

"Na leo?"

"Sijui."

Askari wa zamu alitoka na kuanza kuita majina ya wafungwa wenye wageni. Alipofika kwenye jina la Nkwabi, Masalu alijikaza juu ya gongo akasimama. Jina likaitwa mara ya pili, Nkwabi asitokee, kisha likaitwa la mwingine. Masalu aliendelea kusimama. Scolastika, ambaye shughuli yake ilikuwa imekwisha na ambaye nyumbani hakuwa akingojewa na mtu, alimshika mkono, akamketisha, naye akaketi kando yake.