Yumo Chumbani, Anashona

"Nani amewadanganya kwamba mwanangu amesafiri?" Bibi aliuliza kutoka kwenye luninga, mikono ameikunja mapajani, uso umetulia. "Yumo chumbani, anashona. Hamumsikii?"

Mshoni alicheka huku machozi yakimlenga. Alikuwa amekaa kwenye sofa jeupe la nyumba isiyo yake, katika nchi isiyo yake, binti yake Kifungo mapajani na mumewe ubavuni, kamera zikiwatazama bila kupepesa. Mume huyo mtaani walimwita Baridi, kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza mafriji, si kwa sababu ya moyo wake. Moyo wake ulikuwa wa moto, na ndio uliowaponza.

Siku hiyo ilikuwa ya ujumbe kutoka nyumbani. Ndivyo kipindi kilivyokwenda: familia inapelekwa ng'ambo wiki moja, inapewa nyumba ya kujaribia maisha, baba na mama wanaonjeshwa kazi, mtoto anaonyeshwa shule, kisha wanawekewa video ya wale waliowaacha. Mwisho wa wiki mume na mke wanainua kadi kila mtu kivyake. Kijani, tunahama. Nyekundu, tunabaki. Watazamaji huko majumbani wanalia na kubishana mpaka chai inapoa.

Baridi alikuwa ameshaonja kazi yake, ghala la baridi kubwa kama uwanja wa mpira, akarudi anang'aa kama bwana harusi. Mshoni alionjeshwa kiwanda cha mapazia, na hakuona ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwenye nyumba. Ilikuwa safi mno. Mtaa wake haukuwa na sauti, si ya mtoto, si ya redio, si ya majirani wanaonuniana. Watu walipunga mikono nyuma ya vioo na midomo yao ilitembea bila kutoa neno. Kimya kilikuwa kizito kiasi kwamba friji ya jikoni ilisikika mpaka chumbani, na Baridi akaisifia, eti inavuta vizuri.

Lakini lililomzuia Mshoni kusema ndiyo lilikuwa mama yake mzazi. Kumbukumbu za Bibi zilikuwa zinamtoka moja moja, kama shanga kwenye uzi uliokatika. Sura ya Mshoni ilishatoka. Asubuhi humwita dada, humshukuru kwa chai, humwuliza kwao ni wapi. Mpaka Mshoni aingie chumba cha kushonea, akanyage cherehani na kuanza ule wimbo wa puani usio na maneno, aliourithi kwa huyohuyo mama. Hapo Bibi huita kutoka sebuleni, "Mwanangu ee!" Na Mshoni huitikia, "Abee, mama." Kamba hiyo nyembamba ndiyo iliyokuwa imewashikanisha.

Basi alicheka aliposikia Bibi akisema yumo chumbani. Maskini mama, alijisemea, amechanganya siku.

Halafu akasikia.

Kwenye video, nyuma ya kiti cha Bibi, mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa umefungwa. Nyuma ya mlango cherehani ilienda, ikasimama, ikaenda tena. Na juu ya cherehani mtu aliimba puani, taratibu, kama mtu asiye na haraka na maisha.

Ilikuwa sauti yake.

"Mama," Kifungo aliuliza kwa sauti ndogo, "kumbe na kule pia upo?"

Fundi sauti wa kipindi, kijana mpole aliyezoea kumwita Mshoni shemeji, alivua visikilizio vyake na kuvitazama kama vimemng'ata. Mtangazaji akaomba waendelee. Mshoni alikataa. Alitaka irudishwe nyuma, ikarudishwa, naye akafumba macho kama anavyofumba anapotafuta mshono uliokosea.

Wimbo. Kikohozi. Mkasi ukakata uzi. Wimbo ukaanza upya. Kikohozi kilekile, mahali palepale. Mkasi uleule.

Alikikumbuka kikohozi hicho. Siku watu wa kipindi walipokuja nyumbani mara ya kwanza, alikuwa anashona kitambaa chenye vumbi, na vumbi likampanda kooni. Fundi sauti alikuwa pale mlangoni na chombo chake.

Akamgeukia mumewe. Baridi alikuwa anatazama jikoni, kwenye friji, kama vile friji itamsemea.

"Baridi."

"Naam."

"Kule nyumbani ninaimba na nani?"

"Zimeni kamera," Baridi aliwaambia. Hazikuzimwa.

Ikatoka kipande kipande. Alikuwa amemwomba fundi sauti amkatie sauti ya mkewe, kwa madai ya zawadi ya ndoa. Kijana akaisafisha vizuri, akaitengeneza iwe inajirudia bila kuisha. Baridi akaiweka kwenye simu ya zamani, simu akaificha nyuma ya cherehani, na ufunguo wa chumba akamkabidhi wifi yake Mshoni, mke wa kaka, aliyebaki kumtunza Bibi. Kila asubuhi wifi angeiwasha, kisha afunge mlango.

"Shemeji, mimi niliambiwa zawadi," fundi sauti alisema, macho chini.

"Nilitaka kujaribu tu," Baridi alisema. "Wiki moja. Nilijua huwezi kuondoka kwa sababu yake, na hutamlaumu, utabaki tu ukinyauka. Nikasema, kama mama hatahisi pengo, mke wangu atakuwa huru. Na umemwona mwenyewe, ametulia. Hajakuulizia hata."

"Ametulia kwa sababu anadhani nipo."

"Si ndiyo?"

"Mtu hutunziwa sauti akishakufa, Baridi. Mimi umenifanya mzimu na bado nakupikia."

Alimteremsha Kifungo mapajani, akachukua simu, akapiga nyumbani. Wifi alipokea na kuanza kujitetea kabla hajaulizwa. Mshoni akamwambia ampe mama.

Simu ilikwaruzakwaruza. Kwa mbali, nyuma ya pumzi za Bibi, wimbo ulikuwa unaendelea. Kikohozi. Mkasi.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani, dada?"

"Mwanao. Nisikilize." Akaimba. Aliimba pale pale mbele ya kamera, sauti ikitetemeka, wimbo aliobembelezewa nao akiwa mtoto mchanga. Alipomaliza, upande wa pili palikuwa kimya, isipokuwa ile sauti nyingine, iliyokuwa haitetemeki.

"Unaiga vizuri," Bibi alisema kwa upole. "Karibu ufanane naye. Ila wangu yumo chumbani, namsikia."

Mshoni aliibana simu sikioni.

"Lakini dada," Bibi alinong'ona, kama anaficha ili mtu wa chumbani asisikie, "kama mnajuana naye, niulizie. Nimemkosea nini? Namwita, haitiki. Toka amejifungia humo haitiki hata mara moja."

Wifi aliporudi kwenye simu alikuwa analia. Bibi alikuwa anabeba sahani yake ya chakula na kuipeleka mlangoni pa kile chumba, anabisha, anasubiri, kisha anaiweka chini. Na yeye mwenyewe hali, akidai hawezi kula wakati mtoto amesusa. Wifi hakutaka kuwasumbua ng'ambo, na kwenye video alimweka Bibi sawa, akamfuta uso.

"Kaizime," Mshoni alisema. "Sasa hivi. Itoe kabisa chumbani."

Haikupita muda, ujumbe ukaingia: *Nimeizima wifi. Chumba nimekiacha wazi. Nisamehe. Sasa anazunguka nyumba nzima anatafuta sauti.*

Jioni hiyo walisimama jikoni, vinasa sauti vyao wamevitoa na kuvifungia kwenye droo ya vijiko. Baridi alijaribu kumshika mkono, ukawa mkono wa mtu anayesubiri basi.

"Nilifanya kwa kukupenda," alisema.

"Najua. Ungekuwa hunipendi ningejua la kukufanya."

"Kifungo ameipenda shule."

"Najua. Na wewe umelipenda ghala, na mimi hata kile kiwanda nilikipenda. Ungeniuliza ningekuambia. Uliiuliza simu."

Siku ya kadi, mtangazaji alijipaka poda na kuvaa huzuni ya kazini. Mume na mke walikalishwa wakipeana migongo. Mshoni aliinua nyekundu, bila kupapasa. Baridi hakuinua kitu.

"Mimi kura yangu nilishapiga zamani," alisema, "na ya mwenzangu nikapiga. Sistahili nyingine."

"Inua," Mshoni alisema nyuma ya mgongo wake. "Usiinue ya kunifurahisha. Inua yako, niione."

Friji ilisikika kutoka jikoni. Kisha mkono wa Baridi ukapanda polepole, na kadi ilikuwa ya kijani.

Mtangazaji alishika kifua. Mshoni aligeuka, akaitazama kadi ile muda mrefu, na kwa mara ya kwanza toka siku ya video uso wake ukalainika kidogo.

"Haya," alisema. "Angalau huo ni ukweli wako."

Walirudi nyumbani na kadi mbili zisizokubaliana. Kwenye ndege Kifungo alilala katikati yao, mguu mmoja kwa baba, kichwa kwa mama, kama mshono unaoshikilia vitambaa viwili vya rangi tofauti. Baridi alisema mara moja tu, bila kuulizwa, kwamba ghala linamsubiri jibu. Mshoni akasema amesikia.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mchana ulikuwa mweupe, pazia limetulia, kiti cha Bibi sebuleni ni kitupu. Wifi alitoka uani akikausha mikono, akafungua mdomo awakaribishe.

Wote wakasimama.

Kutoka chumba cha kushonea, wimbo wa puani ulikuwa unatoka, taratibu, kama wa mtu asiye na haraka na maisha. Cherehani ikaenda, ikasimama. Kikohozi. Mkasi. Wimbo ukaanza upya.

"Ulisema umeizima," Mshoni alisema.

"Niliizima wifi." Wifi aliingiza mkono mfukoni na kuitoa ile simu ya zamani. Kioo kilikuwa cheusi. Akaibonyeza, haikuwaka. "Haijapata chaji toka ulipopiga. Naogopa kuingia humo. Mama amejifungia toka asubuhi, na hiyo sauti si ya kwake, ni ya kwako."

Kifungo alijificha nyuma ya miguu ya baba yake. Kikohozi. Mkasi. Mahali palepale.

Baridi alitangulia, labda kwa aibu, labda kwa mapenzi. Alisukuma mlango.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mshoni. Mguu wake ulikanyaga cherehani isiyo na uzi, kitambaa kikapita chini ya sindano na kutoka kama kilivyoingia. Alikuwa anaimba kwa sauti ya ujanani, sauti aliyomrithisha bintiye na ambayo hakuna aliyewahi kufikiri kwamba bado anayo. Alipofika pale mahali, aliacha kuimba, akakohoa kidogo kwa adabu, akachukua mkasi na kukata hewa.

"Mama, unafanya nini?" Mshoni alinong'ona.

"Sauti ilikatika, dada," Bibi alisema, bila kugeuka. "Nikaogopa chumba kisije kikapoa. Nikaona nimshikie mahali pake, akirudi asikute kiti kimeshamsahau."

Kisha akainua kichwa, akaita kama alivyokuwa akiita siku zote hizo, si kumwita aliyekuwa nyuma yake bali kuiita nyumba nzima:

"Mwanangu ee!"

Mshoni aliogopa kwamba hata yeye hataweza kuitika, kwamba ile simu ilikuwa imemchukulia kitu na kufa nacho.

"Abee, mama."

Mguu wa Bibi ukasimama juu ya kanyagio. Akageuka polepole, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Sura haikumwambia kitu, Mshoni aliona hivyo. Lakini sikio lilikuwa limeshapokea.

"Ulininunia kwa nini?"

"Sikununa. Nilikuwa mbali."

"Basi njoo ushone." Bibi aliinuka kwa kushikilia meza. "Mimi nimechoka kuwa wewe."

Mshoni alimkumbatia, akahisi mifupa yake kama hanga la nguo. Bibi, juu ya bega lake, alikuwa anamkagua mwanamume mlangoni, mwenye mabegi mikononi.

"Na huyu anakaa au anaenda?"

Mshoni hakumsaidia. Baridi alimtazama mkewe, akamtazama Bibi, akaitazama simu nyeusi mkononi mwa wifi. Akaweka mabegi chini.

"Nataka kwenda, mama, sitakudanganya," alisema. "Lakini si bila wao, na wao si bila wewe. Kwa hiyo nakaa."

Siku hiyohiyo aliliandikia ghala: *Nashukuru sana. Kwa sasa hapana.* Alimwonyesha Mshoni ujumbe huo kabla ya kuutuma. Mshoni akausoma mpaka mwisho, akamrudishia simu.

"Nitakununia wiki nzima," alisema.

"Halafu?"

"Halafu nitakushonea shati. Usihesabu siku, utaongeza."

Akakaa kwenye kiti. Kilikuwa cha moto. Akatunga uzi, akakanyaga, akaanza kuimba. Bibi alirudi sebuleni, Kifungo akapanda mapajani pake na kuanza kumtafuna ukosi wa gauni, na Baridi akabaki kizingitini, nusu ndani nusu nje, akisikiliza sauti ya mkewe kama mtu aliyeirudisha kwa mwenyewe.

Wimbo ulifika pale mahali. Nyumba nzima, bila kupanga, ikashika pumzi.

Wimbo ukapita.

"Mwanangu ee!"

"Abee, mama."

"Leo hujakohoa."

"Nimepona, mama."