Ukungu kwenye Kioo cha Baharia

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Pius, fundi fremu wa Kariakoo. Mwaka 1982 vioo viliadimika, na picha ya marehemu mkewe, Klara, ilikaa miezi bila fremu.

Ndipo Urmila, jirani aliyekuwa anahama nchi, akamuuzia picha ya Waingereza ya enzi za Mfalme Edwadi: nguva watatu wakimvuta baharia chini ya maji. Kwenye kioo, mdomoni pa baharia, palikuwa na ukungu.

“Unyevu tu huo,” Pius alisema.

“Nimeufuta miaka ishirini, fundi. Uko upande wa ndani.”

Pius alitaka kioo tu. Akiwa chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, umeme ukakatika. Akakibandua kwa kupapasa. Gizani akasikia mtu akivuta pumzi ndefu, kama aliyeibuka majini. Alikuwa peke yake.

Alikiosha kioo, akakikausha kwa gazeti, akamwekea Klara.

Juzi nilimtembelea. Alinimiminia chai, akanionyesha ukutani.

Mdomoni pa Klara ukungu ulitanda, ukafifia, ukatanda tena.