Mafundo Nyuma ya Puli

Giza lilikuwa linaanza kuingia, na fundi waliyemwita Mama Spana alikuwa ameshanawa mikono afunge gereji. Gari jeupe likaingia likilia. Nyiiii... Aliyeshuka alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, chaki bado kwenye mkono wa gauni.

"Huo mkanda wa injini tu, mwalimu. Usiku mwema, njoo kesho."

"Dada, ngoja nikwambie ukweli," mwalimu alinong'ona. "Mafundi wawili wameshaligusa. Wote hawasikii tena. Wa pili ni kaka yangu."

Mama Spana aliangua kicheko. Yeye alikuwa akijua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu, na bila masikio asingekuwa na kazi wala pa kuegemea. Lakini kutishwa gerejini kwake mwenyewe? Thubutu!

"Fungua boneti. Washa."

Alinyunyizia mkanda maji. Mkanda uliochakaa ukilowa hunyamaza kidogo; uliolegea huzidisha kelele. Huu ulilia vilevile, kama vile maji hayakuugusa. Akazima, akachomoa ufunguo, akautoa mkanda na kuutundika ukutani. Akaanza kuzungusha puli, vile vigurudumu vya kupitishia mkanda, moja moja kwa mkono. Ya pampu, laini. Ya alternata, laini. Akanyoosha mkono kwenye ile ya kukaza mkanda...

Nyiiii.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani. Akamulika tochi nyuma ya puli. Kulikuwa na msuko wa nywele, umefungwa kwa uzi mweusi. Mafundo mawili yalikuwa yamekazwa. La tatu lilikuwa bado wazi... na uzi wake ulikuwa ukijivuta wenyewe, taratibu.

Sikio lake la kushoto likaziba.

"Usikate!" mwalimu alimshika bega. "Wao walikata. Kesho yake zilikuwa hapohapo."

"Nani kakwambia nakata?" Hasira zilikuwa zimempanda kuliko woga. "Mimi nafungua. Miaka ishirini nafungua vilivyogoma."

Akaingiza kucha kwenye fundo la tatu. Uzi ukamchana kidole. Akaling'ang'ania mpaka likaachia. Akahamia la pili. Kelele ikapanda hadi meno yakamuuma, naye akapiga kelele kuishinda, matusi ambayo mwalimu hakuwahi kuyasikia. La pili likaachia. La kwanza likaachia.

Kimya.

Simu ya mwalimu ikaita. Sauti ya kaka yake ilikuwa inalia mpaka Mama Spana akaisikia.

"Dada! Nawasikia watoto! Nawasikia!"

Nywele ni za nani, nani alizifunga, hakuna ajuaye mpaka leo. Walizichoma, na hazikurudi.

Sikio la kushoto la Mama Spana nalo halikurudi. Upande ule hasikii mtu, hasikii injini. Anasikia kitu kimoja tu, mchana kutwa, nyiiii... na siku hizi kinajaribu kumwita kwa jina.

Yeye huinama kwenye boneti, akageuzia gari sikio la kulia.

"Lia mpaka uchoke," hukiambia kile kitu. "Mimi niko kazini."